Bomba la Mama

Jumatatu, 4 Machi

Profesa kanidaka koridoni, macho yanamng'aa. Kasikia nina pacha — pacha wa kufanana, aliyelelewa nyumba nyingine! Utafiti wetu unauliza tabia ya mtu inatoka kwenye damu au kwenye malezi, na pacha kama sisi ni adimu kama maziwa ya kuku. Mimi niliyezoea kuhoji watu, leo nihojiwe! Nikasema nitafikiria. Moyoni nilishakubali. Nataka kumwona pacha wangu, basi.

Jumatano, 6 Machi

Nimempigia mama mdogo. Ndiye aliyemchukua pacha wangu tukiwa wachanga, mama alipozidiwa. Kwake vicheko mpaka jikoni. Kwetu enzi hizo — mapazia yamefungwa, mama kageukia ukuta. Akitaka kulia alijifungia bafuni, akafungulia bomba nisisikie. Nilisikia. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata baada ya kumzika.

Mama mdogo kanong'ona: pacha wako naye siku hizi hatoki kitandani. Cherehani imefunikwa, wateja wameshachukua vitambaa vyao. Huyu mtoto hakukosa kitu kwangu, anasema, huku analia.

Ijumaa, 8 Machi

Amekubali kuja! Kwa sababu moja tu: anataka kujua kama haya kazaliwa nayo, au ni yeye tu, mvivu asiye na shukrani, kama majirani wanavyosema. Nikamweleza kwamba jozi moja ya pacha haitoi jibu, zinatakiwa jozi nyingi. Akasema hizo jozi nyingi yeye hazijui. Ananijua mimi.

Kuanzia leo haturuhusiwi kuongea mpaka wote tuhojiwe. Ndiyo kanuni: vyumba viwili, wakati mmoja, maswali yaleyale. Nimewasimamia wengine kwa kanuni hiyo, tena kwa ukali. Mkuki kwa nguruwe.

Jumatano, 13 Machi

Maswali nayajua kwa kichwa, hata pale mhojaji anapovuta pumzi. Likafika lile — kuna asubuhi uliamka ukatamani usingeamka? Hapana, nikasema. Hapana! Na la kulia bila sababu, hapana. Ulimi hauna mfupa. Mhojaji ni mwenzangu, kila siku tunakula meza moja, kesho angeniangaliaje? Niliona aibu.

Tukatoka. Pacha wangu kakonda, na uso ni wangu huohuo. Tukakumbatiana, hakuna aliyetaka kuachia kwanza. Kisha akauliza: Dada, lile la asubuhi ulijibuje?

Ningeweza kusema kweli palepale. Lakini mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Nikasema nimejibu hapana.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Kumbe ni mimi tu, akasema. Akaketi kwenye benchi, mkoba mapajani, kama mtu asiye na pa kwenda.

Nimekimbilia msalani. Naandika nimeegemea sinki, bomba linamwaga maji, karatasi inalowa. Mbona nimemfanyia hivi! Yeye aliyekuja kwa ajili ya jibu langu. Niseme nini nikitoka? Nianzie wapi?

Kuna mtu anabisha. Ni yeye.

Dada, fungua, anasema. Najua hunawi. Mimi pia hulifungulia bomba hivyohivyo, mama mdogo asisikie.