Mzee Barisa Alisema Hapana

Garsen, Alhamisi, 1998

Jua limerudi, na uvundo nao umerudi. Maji ya El Nino yamepungua yakatuachia matope na mizoga ya ng'ombe nyuma ya mji. Lakini kinachonichukiza leo si mizoga.

Mimi ni muuguzi. Kwa sasa nimeazimwa na daktari mmoja wa Nairobi anayefanya utafiti hapa. Ameleta hojaji iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ya kupima kama mtu mzima mwenye sonona yuko katika hatari ya kujiua. Mimi nawasomea wagonjwa maswali. Siku ya pili mtaalamu mwingine anazungumza nao kwa njia yake, kisha majibu yanalinganishwa ili ijulikane kama tafsiri inafaa kutumika.

Ni kazi ya maana. Niliiamini mpaka leo asubuhi.

Mzee Barisa ni mfugaji wa Kiorma. Ng'ombe wake wote walikwenda na maji. Aliletwa na dada yake, Halima, anayeuza maziwa sokoni, kwa sababu hali chakula wala halali usingizi. Nikamsomea swali kama lilivyoandikwa: je, umewahi kuwa na mawazo ya kujitoa uhai?

"Hapana," akasema. "Hiyo haramu. Mimi Mwislamu."

Nikaandika hapana. Yeye alikuwa hajamaliza.

"Mimi iko naomba Mungu tu, nikilala nisiamke. Juzi nilienda mtoni, pale maji iko nguvu. Mguu iliteleza. Mimi sikushika kitu. Watu ndiyo ilinitoa."

Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Nilimwita daktari nje ya chumba nikamweleza. Akaiangalia karatasi. "Jibu ni hapana. Andika sifuri, endelea."

"Daktari, huyu mzee asirudi nyumbani hivi."

"Sista, ukimshughulikia leo, kesho mwenzangu atamkuta amekwisha badilika. Utaharibu ulinganisho. Tunapima maswali, hatutibu mtu."

Akafungua soda yake.

Angekuwa mjinga ningemsamehe. Si mjinga. Alijua vizuri sana alilokuwa akilisema, na alilisema huku akitafuta pa kutupa kizibo.

Nilifunga faili nikamfuata Halima kwenye benchi. Nilipomweleza, alishika shavu.

"Mimi nilijua ameteleza tu," akasema.

Tulimchukua mzee, huyu huku na huyu huku, mpaka wadini. Klinikal ofisa, tabibu wa zamu, alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kitanda karibu na meza ya wauguzi, akamruhusu Halima alale naye.

Mzee Barisa alinitazama kwa mashaka. "Sista, mimi nilisema hapana. Sasa kosa yangu nini?"

"Huna kosa, Baba. Sitaki tu ubaki peke yako."

Alijisogeza ukutani, dada yake akapata pa kukaa.

Jioni daktari alinikuta nikinawa mikono. Alikuwa ameshalikata jina la mzee kwenye utafiti. "Umetupotezea mmoja," akaniambia.

Mmoja!

Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikamjibu: "Samahani, Daktari."

Nimemchukia yeye kwa neno lake, lakini nimejichukia zaidi mimi kwa langu. Samahani ya nini? Mtu yu hai wadini, na mimi naomba radhi?

Kesho asubuhi, kabla hajamwita mgonjwa wa kwanza, nitamwambia: atakayetamka maneno kama ya Mzee Barisa ataonwa na tabibu siku hiyo hiyo, sifuri au si sifuri. Akikataa, maswali yake ayasome mwenyewe.

Na ile samahani nitamwambia anirudishie.