Hana, Hana, Nami Nimo

Mgosi Singano,

Usambara nzima hakuna mtu mwenye bahati kama mimi, nawe utanishuhudia ingawa umelala. Tangu tukuzike, gari la redio limepanda hadi Lushoto, wakanisimamisha mbele ya maikrofoni, na sasa wimbo wetu unapigwa nchi nzima. Huko Korogwe watu wanaacha mkonge ukiwakaukia mikononi, wanasikiliza. Pale Soni mama mmoja muuza plamu alinijazia kapu, akasema sauti kama hii haidaiwi. Na hapo nilikomea darasa la sita! La saba liliniogopa.

Habari za huku ni hizi. Shamba la kijiji limefika mpaka kule kwenye mawe, viazi vimekubali, kabichi zimeliwa na wadudu. Duka la ushirika limefunguliwa. Sukari ikija, habari zake zinafika kabla ya lori. Kwaya bado haijapata besi. Wamemweka Yona kwenye nafasi yako, anaimba kama mtu anayeita ng'ombe waliopotea. Gitaa lako ninalo mimi. Uzi wa chini ulikatika, nikafunga waya wa breki ya baiskeli. Unalia kama mbuzi, lakini unalia.

Mama yako hajambo. Kaka yako amemletea redio, naye ameiweka dirishani, uso wa redio umeelekea kwangu ng'ambo ya bonde.

Juzi nilimkumbuka Bwana Kenji, yule Mjapani aliyekuja kutufundisha kilimo cha mboga, na gramafoni yake ya betri. Unakumbuka ile picha kwenye jalada la santuri? Vijana wanne, nywele zimefunika masikio, ukamwuliza kama hao ni kwaya ya akina mama. Akacheka mpaka akakaa chini. Gitaa la kwanza lilipolia, nilidhani mashine ya kusaga imepasuka. Halafu yule wa mbele akaanza: hana, hana, nami no hana.

Ukanishika mkono. "Mgosi! Huyu anaimba Kiswahili!"

Nami, kwa kuwa nimetembea, nimefika Tanga mjini na meli nimeziona, nilithibitisha. Nikakueleza kwamba Wajapani wa pwani wote wanajua Kiswahili kidogo, kwa ajili ya biashara. Ile "no" tukasema ni ulimi mzito tu, alitaka kusema "nimo". Fulani hana, na mimi nimo humo humo miongoni mwa wasio nacho. Tukaona huyu ni mwenzetu kabisa, isipokuwa nywele.

Basi tukautia mashairi yetu. Hana koti na Juni imeingia. Hana ng'ombe, mahari atatoa sisimizi? Mimi natangulia, "Hana, hana," na wewe unaitikia kwa ile sauti yako ya chini ya mtungi, "nami nimo." Haikupita muda, wachuma chai wa Mponde wakawa wanauimba wakipandisha vikapu.

Mpaka ukamfikia katibu wa kijiji. Akasimama mkutanoni, kofia imemkaa kichwani kama sufuria. "Nani hana? Kijiji cha ujamaa, mtu asiye nacho ametokea wapi?" Ukainuka wewe, mikono nyuma: "Shikamoo mzee. Huyo asiye nacho ni Mjapani."

Mkutano uliharibika kwa kicheko. Ikabidi Bwana Kenji aitwe atoe ushahidi. Naye akasema, kwa Kiswahili chake cha kukanyaga taratibu, kwamba kwao "hana" ni ua na "nami" ni wimbi. Wakati wa baridi upepo wa kwao unarusha povu la bahari mpaka nchi kavu, wenyewe wanaliita ua la wimbi. Katibu akafikiri, akasema, "Kama ni ua, liimbwe."

Mimi niliona aibu, mtu wa Tanga mjini kuumbuka hivyo. Nikataka tuyang'oe maneno yetu tuweke ya maua. Ukakataa. "Mtu anayeimbia povu, mgosi, naye hana."

Halafu kile kifua kikakushika. Tulishasikia kuwa watu wa redio watapita kurekodi bendi za milimani, na wewe kitandani ulikuwa huna habari nyingine. Hata uji ulikuwa unausukuma pembeni unauliza wamefika wapi. Mara ya mwisho uliniambia, "Wakija usinisubiri. Imba, mama asikie."

Sasa mama anasema hajausikia. Nilimwambia milima inazuia mawimbi, akakubali. Alipouliza tena nikamwambia betri zimechoka. Akamwuza yule kuku mweupe, akanunua nyingine. Jumapili yote anashinda hapo dirishani, na mtu akikohoa anamtoa nje.

Lala, mgosi wangu. Majani ya kaburini nitayafyeka mwenyewe, Yona simpi hata panga. Na nakuahidi, Jumapili tukitoka kanisani nitavuka bonde na gitaa lako, nitamwamkia mama yako, nitaizima ile redio, nimwimbie mimi mwanzo hadi mwisho, pako na pangu.

Lakini kabla sijamwambia yeye, nikuambie wewe. Gari la redio lilikuja kweli. Niliimba "hana, hana," nikanyamaza kukupisha. Yule bwana wa mashine akarudisha tepu, akasema nianze upya. Nikaanza, nikanyamaza pale pale. Alikuwa mtu mpole, akaniuliza kama nimesahau maneno. Wakahamia kwa wapiga ngoma wa Mlalo.

Redioni hatumo, Singano. Nilikuwa naongopa.