Watoto Wangu Wanataka Nipumzike, na Jumamosi Nina Mechi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu nimewadanganya watoto wangu miezi saba na sasa uongo wenyewe umeanza kunielemea.

Mimi ni fundi cherehani, mjane, nina miaka hamsini na sita, nimeshona sare za shule na magauni ya harusi miaka thelathini kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na kwa cherehani hiyo nimesomesha watoto wawili, na sijisifu ila nasema ukweli, hakuna pindo langu lililowahi kurudishwa. Mwaka jana nilipata kizunguzungu nikiwa nakata kitambaa, kifunguamimba wangu, ambaye ni karani na mtu wa kuandika kila kitu, akanipeleka kliniki, daktari akakuta presha imepanda, akanipa vidonge, akaniambia nipunguze chumvi, nikamwambia daktari kwa umri huu chumvi nimeshaila nyingi, tukacheka, kisha akasema nipumzike vya kutosha. Neno hilo ndilo lililoniponza. Mwanangu aliliandika kwenye daftari lake, "Mama apumzike", akalipigia mistari miwili chini, na tangu siku hiyo nikishika ufagio mkamwana wangu, mke wake, anayekuja kila siku, ananipokonya, nikiinuka kuchota maji naambiwa keti mama, wakafunga mpaka mota kwenye cherehani ili miguu isifanye kazi, na mimi neno kupumzika nimezoea kulisikia kwenye matangazo ya vifo.

Miezi mitatu ya kupumzika ilinimaliza, mshauri. Magoti yalikaza, nikawa naamka kwa kushika ukuta, na siku moja nilichuchumaa kumpima bibi harusi mtarajiwa urefu wa gauni nikashindwa kuinuka, akaniinua yeye, nami alipoondoka nililia sana. Ndipo rafiki yangu anayeuza mboga akanivuta hadi uwanja wa shule ya msingi, ambako wanawake waliovuka hamsini wanacheza mpira wa pete kila Jumatatu na Alhamisi jioni, nikaenda kutazama tu, nikapewa mpira. Watoto nikawaambia naenda kupima wateja majumbani kwao. Wiki za kwanza nilihema mpaka nikaona nyota, lakini sasa nakimbia kipindi kizima, nachuchumaa na kuinuka bila kushika kitu, na wenzangu wananiita Ukuta kwa sababu kazi yangu ni kumkaba mfungaji wa timu pinzani, na nikimkaba amekabwa. Wiki iliyopita nilipigwa kiwiko mdomoni, nyumbani nikasema nimejigonga kwenye kabati, kitindamimba wangu, binti, akaniwekea barafu huku machozi yakimtoka, akisema, "Mama, siku hizi hata kabati hulioni?" na nilijisikia vibaya kuliko huo mdomo wenyewe.

Jumamosi hii saa kumi jioni tunacheza na walimu wa kike wa shule hiyo, wengine ningeweza kuwazaa, nami ndiye nahodha. Na Jumamosi hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, watoto wameitisha kikao cha familia, ajenda ni kufunga chumba changu cha kushonea nihamie kwa kifunguamimba, nikae tu nitunzwe. Nikisema ukweli nitaonekana mtu mzima hovyo, na nikinyamaza nitapoteza chumba na mechi kwa siku moja. Tena kuna jambo jingine, hili nalisema kwa sauti ya chini, vile vidonge niliacha kuvimeza tangu nilipoanza kukimbia, nimevificha kwenye kopo la vifungo, kwa sababu najisikia mzima kabisa. Nifanye nini?

Fundi Ukuta

MSHAURI ANAJIBU

Fundi Ukuta, nilipofika kwenye neno nahodha nilisimama nikawasomea wenzangu wote ofisini. Mimi nina miaka hamsini na minane. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, na kila asubuhi nikifika ya pili husimama nikajifanya nasoma matangazo ukutani, kumbe natafuta pumzi. Kwa hiyo kabla sijakugombeza, pokea heshima zangu zote. Sikujui, na bado najivunia wewe.

Sasa nikugombeze. Habari ya vidonge umeitia mwishoni kabisa kama kitu kilichodondoka mfukoni, wakati hilo ndilo jambo zito kuliko yote uliyoandika. Presha haipigi hodi. Mtu anaweza kujisikia mzima, akacheka, akakimbia, huku mishipa inaumia. Mazoezi yanasaidia, tena sana, na huenda daktari akikupima akaamua kukupunguzia dawa, lakini ataamua yeye akiwa na kipimo mkononi, si wewe na kopo lako la vifungo. Kesho asubuhi uwe kliniki. Mwambie uliacha lini, mwambie na habari za mpira, wala usirudie vidonge kwa kukisia. Akikuambia Jumamosi usicheze, basi timu utaiongoza ukiwa nje ya mstari, na hutanung'unika.

Usiende peke yako. Nenda na kifunguamimba wako na hilo daftari lake, amuulize daktari mbele yako, "Mama apumzike, maana yake nini?" Nina hakika hakumaanisha ufungwe miguu. Alitaka ulale vizuri na uache kujitwisha kazi za watu watatu. Mwanao si mkorofi, mama. Ni mtoto aliyekwisha kumzika baba yake, akasikia neno moja la daktari akaling'ang'ania kwa sababu ya woga. Nawe badala ya kumsahihisha siku ile ile, ukampaka mafuta kwa mgongo wa chupa miezi saba. Na yule binti ukamwacha akulilie bure. Waombe radhi wote wawili, kwa maneno machache, na usianze kujitetea katikati ya radhi.

Ukishaomba radhi, chumba cha kushonea usikitoe. Kutunzwa ni jambo zuri anapotaka mwenyewe anayetunzwa. Siku ukichoka kushona utafunga mlango kwa mkono wako, na mpaka siku hiyo mkamwana akurudishie ufagio. Mota ibaki kwa ajili ya vitambaa vizito, ila kwa kazi nyepesi kanyaga, hiyo miguu imewasomesha.

Kikao nacho usikiahirishe wala usikikimbie. Kihamishe. Waite wote saa kumi kamili pembeni ya uwanja wa shule, na ajenda iwe ile ile waliyoipanga, kama mama amechoka au hajachoka. Daktari akikuruhusu, usitoe hotuba hata moja. Ingia uwanjani, mkabe huyo mfungaji wa walimu, na kura ipigwe baada ya filimbi ya mwisho.