Majaruba ya Merina na Neno Langu la Siri

Lipangalala, Ifakara
Jumapili

Mwanangu Noela,

Pokea salamu za mama yako. Mimi mzima, goti tu linanisumbua na mvua hizi. Wewe je, unakula? Baridi ya Iringa isikuchezee kifua, vaa sweta hata kama wenzako hawavai.

Mwanangu, huku kumechafuka. Majaruba matatu ya mwenzangu Merina, yale mashamba ya mpunga yanayolisha watoto wake, yamefutwa kwenye daftari la kikundi chetu cha mpunga, yakaandikwa ya katibu, baba yako mdogo Hermenegildi. Merina alipolalamika, Hermenegildi akaibeba kompyuta ya ofisi akaifungia kwake. Akasema sasa tuone hao wanawake watasoma wapi.

Tulicheka jamani! Hakuelewa ulichotufundisha, kwamba daftari na ramani ya mashamba havikai ndani ya kompyuta, viko mtandaoni, popote unafungua kwa jina lako na neno la siri. Merina akatia bando, tukafungua kwenye simu yake pale pale shambani. Wenzetu wa Mngeta nao wakafungua kwao. Kila kitu kipo, mpaka nani kabadili nini na lini.

Tukabonyeza tuone aliyefuta. Likatoka jina langu, Agnella.

Merina hakunitukana. Alizima simu akaenda zake, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Sasa nikuambie nililokuficha. Hermenegildi alikuja na kambale wawili, akaniita shemeji, akasema neno lake la siri limegoma, nimwazime langu. Ulinikataza, nakumbuka. Lakini ndugu wa marehemu baba yako amekaa kwenye kigoda changu, namnyimaje? Nilimpa kama ninavyompa chumvi.

Jana ametuma mtu aniambie nikae kimya, tuseme mtandao umekosea, la sivyo mwizi nitakuwa mimi. Na aseme! Jumanne kwenye mkutano nitasimama nieleze yote, na kambale wake nitawataja. Usinipigie kunizuia.

Neno la siri nimeshabadili. Na leo baada ya misa, kwa kidole kimoja, nimemrudishia Merina majaruba yake yote matatu. Nimetumia jina langu lile lile, ili anayebonyeza aone nani kabadili na lini.

Bibi yako anakusalimu, anauliza lini utakuja kula kambale. Wa kununua safari hii.

Mimi mama yako,
Agnella