Kwa Mama Élodie, Aliyependa Kukawia Sokoni

Mwaka umezunguka, Marie-Claire, tangu asubuhi ile ya Juni 2008 ulipotutoka hapa Guangzhou, China, tukakurudisha Lubumbashi ukapumzike kando ya kaburi la mama yako.

Wenzako wa vitambaa pale soko la Zhongda wanakukumbuka kwa ucheshi wako, na kwa wageni uliowapokea walipotua uwanja wa ndege wa Baiyun bila mwenyeji. Sisi wa nyumbani tunakukumbuka zaidi ukiwa na kikapu.

Ulisomea ushonaji Lyon, Ufaransa, na huko ndiko soko lilikokuingia moyoni. Ulitusimulia tukawa kama tumefika: meza zilizopangwa nje kando ya mto, jibini la mbuzi unaloonjeshwa kwenye ncha ya kisu, cheri za kwanza za msimu, na muuza matikiti asiyekuchagulia tikiti mpaka ajue utalila mchana au jioni.

Hapa mtaani kwetu Haizhu ulifanya vilevile. Ulinusa, ukauliza, ukacheka na wauzaji kwa Kichina chako cha kuungaunga. Papa Élodie alisimama nyuma yako akitazama saa. Kwake soko lilikuwa bei, mzigo, twende.

“Mama Élodie, ni mboga tu!”

“Basi tangulia. Mimi sijasalimiana na mama wa samaki.”

Ulipougua, miguu ikakataa ngazi, alikwenda yeye. Mara ya kwanza alirudi upesi, mfuko umejaa.

“Samaki walikuwaje?” ulimuuliza.

“Samaki tu.”

“Mwenyewe kasemaje?”

“Sikuongea naye.”

Ukageukia ukutani. Alidhani ni maumivu, akakuinamia. Kumbe ulikuwa unalia. Alichukua kikapu akarudi sokoni asubuhi ileile.

Safari hiyo alikawia. Aliporudi aliketi kitandani akakueleza: mama wa samaki kapata mjukuu, uyoga umeletwa ukiwa bado na udongo wake, mzee wa tofu kamcheka matamshi mpaka akashika mbavu. Nawe ukacheka. Ukataka kila kitu, hata harufu.

Ikawa ndiyo desturi yenu. Yeye aliyekuwa akikuharakisha, sasa wateja wenzake walimsukuma apishe njia, maana alikuwa akisikiliza akuletee. Nawe ukimlipa kwa hadithi za Lyon, mpaka mchana ukapita hamjala.

Mwisho alikuletea laichi, yale matunda yanayofanana na shokishoki. Alikumenyea moja, ukala nusu, ukafumba macho. “Hili limeiva leo hasa,” ulisema. Siku chache baadaye ukaondoka.

Kwa miezi mingi Papa Élodie hakukanyaga sokoni. Tulikula vya dukani. Mwezi uliopita Élodie alimshika mkono, wakaenda. Mama wa samaki akauliza mkewe yuko wapi siku hizi. Baba alifungua kinywa, Kichina kikamwishia. Élodie ndiye aliyesema. Yule mama akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni, akamshika baba mikono yote miwili. Foleni nzima ikasubiri, na hakuna aliyemharakisha.

Wanaokukumbuka ni mumeo Désiré, wanao Élodie na Bienfait, kaka yako Hugues na wifi yako Hadassa huko Lubumbashi, na shoga yako Albina wa Moshi, anayenunua nguo za jumla soko la Shisanhang hapa Guangzhou.

Bwana akupe raha ya milele. Maisha yetu yote tutakukumbuka, Maman.