Kaseti Aliyoazima Shangazi

Marahaba, mjukuu wangu Elibariki.

Huku Mbulumbulu hatujambo, ngano imeanza kutoa masuke. Umeuliza ununue kamera ya video inayohifadhi picha ndani yake, au ile inayorekodi kwenye diski.

Nilipokuwa msichana, radi iliunguza nyumba yetu na kila kilichokuwemo. Baba alikwisha kufariki, na sauti yake ilikuwa kwenye kaseti moja tu. Sikukumbuka kama shangazi aliyeiazima alishairudisha. Nilikimbia kwake.

"Shangazi, ile kaseti?"

"Ninayo, mwanangu."

Niliogopa kuwasha redio yake, akaiwasha yeye. Baba alikohoa, kisha akaniita.

Chukua ya diski, mjukuu wangu, uweze kuweka nyingine kwa ndugu. Hadi leo wingu likitanda, naogopa vitu vyote kukaa nyumba moja.

Ni mimi bibi yako.