Miwani Uliyozikwa Nayo

Isansa, Jumapili, baada ya ibada

Baba,

Nianze na lile linalonikaa kooni, nisije nikazungukazunguka mpaka karatasi ikaisha. Siku tuliyokuzika niliiona miwani yako usoni pako, ndani ya jeneza, na sikusema neno.

Mama ndiye aliyekuvisha. Alisema watu hapa hawaujui uso wako bila miwani, na kwamba hata huko uendako utataka kusoma. Wanawake waliokaa naye wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilifungua mdomo. Nilitaka kusema, ngojeni, hiyo si miwani tu, bila hiyo kamera haioni kitu. Lakini nani anamvua baba yake miwani mbele ya watu waliokuja kulia? Wimbo ukaanzishwa, kifuniko kikawekwa, nikabaki nahesabu misumari.

Sasa bwana shamba amerudi.

Ni yule yule, wa buti za mpira na daftari kwapani. Amepita kwenye kahawa yetu wiki moja nyuma, saa sita mchana, akaokota matunda mabichi yaliyoanguka chini, akatikisa kichwa. Kwake yeye shamba limetelekezwa tangu ulipolala kitandani, na shamba lililotelekezwa linang'olewa lisije likaharibu ya jirani. Amesema Alhamisi hii inayokuja atakuja na watu wenye mashoka. Miti yote, Baba. Ile uliyoipanda kwa jasho la migodini, ukaimwagilia kwa kibuyu miaka miwili kabla ya kuonja hata tunda moja.

Nilimweleza ulichomweleza wewe kabla ya kuugua, kwamba ni mdudu, nikamwonyesha mmoja ndani ya chupa kama ulivyofanya wewe. Yule mdogo kama punje ya mahindi, mwenye madoa meupe na ya rangi ya chungwa mgongoni, anayefyonza tunda alfajiri na jua likipanda anajificha. Akanijibu kama alivyokujibu wewe, kana kwamba maneno ameyaandika kwenye daftari: "Mdudu wa kwenye chupa nitajuaje ametoka wapi? Nionyeshe akila." Nikamwomba aje alfajiri. "Mimi sifanyi kazi kwa saa za wadudu." Unakumbuka siku ile ulivyocheka? Ulicheka mpaka ukakohoa, ukapanda baiskeli kwenda dukani kijijini Ruanda kununua filamu. Sasa najiuliza kama kikohozi kile ndicho kilikuwa mwanzo, na sisi tukadhani ni kicheko.

Filamu ile niliikuta ndani ya kamera. Namba moja ilikuwa bado inasubiri kwenye kijidirisha chekundu cha mgongoni. Picha nane, zote nzima.

Kwa hiyo nilikuwa na kamera, filamu na mdudu. Kilichokosekana kilikuwa kaburini.

Watu walikucheka sana, Baba. Ulirudi kutoka Rodeshia ya Kaskazini ukapita Tunduma na blanketi, baiskeli na kamera ya sanduku, na kila mtu akataka kupigwa picha na mke wake na kiti. Uliwapiga. "Tulieni, mukwai," ulikuwa ukiwaambia, kwa ule upole wa Kibemba ulioupata kule, nao wakakakamaa kama nguzo. Kisha siku moja ukiwa unasoma ukaishusha miwani, ukaona kupitia kioo chake mchwa mmoja mezani amekuwa mkubwa, na tangu hapo ukaharibika. Filamu nzima ukaimaliza kwa nyuki mmoja kwenye ua la maharage. Picha zikarudi kutoka Mbeya zote ukungu. "Ana kamera, anapiga picha nzi!" Mama alikuwa wa kwanza kusema hivyo, na alikuwa hatanii.

Lakini wewe ulinikalisha ukanifundisha, mimi mtoto wa kike ambaye wenzake walikuwa kisimani. Kamera ya sanduku haioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko hatua nne. Ukiifunga miwani mbele ya jicho lake kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, inaona karibu, lakini mahali pamoja tu, mbele kidogo ukungu, nyuma kidogo ukungu. Ndiyo maana ukafunga uzi chini ya jicho la kamera na kupiga fundo. Vuta uzi, fundo liguse kitu, achia uzi, usipumue, piga. Na kijidirisha cha juu, cha kuchungulia, usikiamini, kwa maana kitu kikiwa karibu kinakuonyesha pengine kabisa. Amini uzi.

Uzi ninao. Fundo lako lipo. Lakini fundo lile linajua miwani yako tu.

Sasa nikuambie jambo baya. Jumatatu iliyopita nilikwenda kaburini na jembe. Nilimwambia Mama nakwenda kung'oa majani. Udongo ulikuwa bado laini kwa mvua, na mimi nikasimama pale nikiupima kwa macho, nikawaza ni kina gani, ni muda gani, ni nani angepita. Baba, niliwaza hivyo. Nikakaa chini. Nikang'oa majani kweli, yote, hata yaliyokuwa hayajaota vizuri, nikarudi nyumbani nikashindwa kula. Nisamehe.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mzee Simoni, msomaji wa kanisani. Miwani yake ni mizito kama vitako vya chupa. Nilimweleza yote isipokuwa la jembe. Akaivua, akanikabidhi, macho yake yakawa madogo kama ya mtoto aliyeamshwa. "Jumamosi jioni iwe mezani kwangu, binti. Siwezi kuwasomea watu Neno kwa kukisia."

Jumatatu mpaka Jumamosi. Na kulipata fundo jipya nilihitaji jua, kama ulivyonionyesha: shika kioo juani, sogeza mpaka nuru iwe tone moja linalochoma jani kavu, pima hapo. Lakini jua gani? Mawingu yalikaa juu ya Isansa Jumanne, yakakaa Jumatano. Ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Nilishinda nje nikitazama juu, mpaka jirani akaniuliza kama ninaumwa shingo.

Alhamisi nilikuwa ndani, giza la mvua, mlango wazi. Nilikuwa naifuta tu miwani, na karatasi nyeupe ilikuwa ukutani pale ulipokuwa ukibandika kalenda. Ghafla mlango ukatokea kwenye karatasi. Mdogo, umesimama kichwa chini, na kilima cha ng'ambo kinaning'inia kama kimefungwa darini. Nilikuwa nimesahau kabisa! Ulinionyesha nikiwa na miaka saba, tukauita mlima uliolewa. Nilisogeza kioo mbele na nyuma mpaka kilima kikakolea, nikaita mtu anishikie uzi. Mama akaja na jembe lake begani, akasimama mlangoni, akawa mwanamke mdogo kuliko kidole, kichwa chini, ukutani mwake mwenyewe.

Akatazama. "Ni mimi huyo?"

Nikamwambia ndiye.

"Na mwendazake alikuwa akiona hivi siku zote?" Akaweka jembe chini, akashika uzi.

Fundo jipya ni fupi kuliko lako kwa vidole vinne. Maana yake kamera inamkaribia mdudu zaidi, na mdudu huyu akihisi mtu anajiachia anaanguka.

Ijumaa alfajiri tulikwenda wote wawili. Ya kwanza na ya pili nilizitupa bure, Baba, kwa sababu nilisahau kupunguza kidole kimoja. Ulinionya mara ngapi? Kipimo cha mlima toa kidole, kwa sababu kamera haikutengenezwa kutazama milima. Nilikumbuka baada ya kubonyeza, nikatamani kujipiga kofi. Nikapiga fundo jingine. Ya tatu mdudu alianguka. Ya nne upepo ulicheza na tawi, na kwa mwanga ule mdogo ilinibidi niache jicho la kamera wazi nikihesabu mpaka mbili, kamera juu ya matofali, Mama ametandaza kanga kuzuia upepo. Ya tano mdudu aligeuka, akanionyesha mgongo. Ya sita nadhani ilikuwa nzuri. Ya saba pia. Lakini sikumbuki kama niliuzungusha ufunguo wa kusogeza filamu kati ya hizo mbili, na kwa mwanga ule namba ya kijidirishani haikusomeka. Mpaka leo sikumbuki. Nikiwa nakoroga uji nawaza, nilizungusha? Nikiwa nasali nawaza hilo hilo.

Nilitaka kukata tamaa. Mama akauliza kama bado ipo moja. Nikamwambia ipo, lakini kila nikisogea mdudu anaanguka. Akaniambia ninalisogelea tunda kutoka juu, kama mwizi, na mchumaji hachumi hivyo. Akaupitisha mkono chini ya tawi, polepole, kama anavyochuma siku zote, akalishika kwa vidole viwili likatulia. Mdudu hakushtuka. Nikavuta uzi, nikaachia, nikahesabu moja, mbili.

Filamu ilikwenda na lori la Ijumaa hiyo hiyo kwa fundi picha wa Mbeya. Kwenye bahasha niliandika aikuze ya mwisho, na zote nyingine azitoe ndogo. Leo ni Jumapili. Mzee Simoni amesoma vizuri sana, ila aliuliza kwa nini kioo kimoja kina harufu ya tyubu. Lori linarudi Jumatano. Bwana shamba ni Alhamisi. Leo asubuhi nilimkuta Mama anapita mti kwa mti akiigusa.

Naogopa, Baba. Ningekuwa na ile miwani yako nisingeogopa hivi. Laiti ningesema neno moja tu kabla ya kifuniko.

Ijumaa

Niliiacha barua hii. Mkono haukutaka kuandika.

Lori halikuja Jumatano. Lilikwama tope njiani, likafika Ruanda Alhamisi saa mbili, na mimi nilikuwa pale tangu kabla ya kucha. Nilirudi kwa baiskeli yako bahasha ikiwa kifuani ndani ya gauni, sijaifungua, kwa sababu nilijua nikiifungua njiani na ziwe mbaya sitafika. Nilipofika watu wa mashoka walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa shamba wanakula mihogo yetu. Mama aliwapa. Usiniulize kwa nini, ndivyo alivyo.

Nikaifungua mbele ya bwana shamba. Nne za kwanza ukungu. Ya tano mgongo, kama nilivyokuambia. Sikuuzungusha ufunguo, Baba. Ya sita na ya saba zimelaliana kwenye picha moja, vidudu viwili kama mizimu.

Ya mwisho ilikuwa chini kabisa. Fundi ameikuza ikawa kama kiganja. Tunda lipo, na kila mshipa wa jani, na vidole viwili vya Mama vyenye nyufa, na juu ya tunda amekaa yeye, madoa yote, mdomo wake mwembamba kama uzi umeingia ndani ya tunda hasa.

Bwana shamba alitoa kioo chake cha kukuzia mfukoni. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Hakuomba radhi, usitegemee. Alisema tu kwamba leo angekuja alfajiri.

Na amekuja. Ameloa umande mpaka magotini, Mama akampitisha chini ya matawi kama alivyonipitisha mimi, na amewaona kwa macho yake, wengi. Akawarudisha watu wake nyumbani na mashoka yao. Ametuagiza tuwaokote kwa mkono kila alfajiri na kuwaua, naye ataipeleka picha kwa wakubwa zake, watatuma jibu. Hata shamba la jirani, lililopaliliwa vizuri, ameingia kulikagua, na huko nako amewakuta. Jibu litakuwaje, sijui. Nimeshaanza kuliogopa. Lakini hakuna mti hata mmoja ulioguswa na shoka.

Aliuliza nani aliyepiga. Mama akanitangulia kujibu. "Sisi," alisema. Ametutaja wote watatu, nadhani, maana aliposema aliangalia upande wa kaburi.

Mchana huu nilimwambia la miwani, kwamba niliiona na nikanyamaza. Akasema naye aliwaza, mkono ukiwa bado shavuni pako, kwamba labda nitaihitaji. Akaona haya kukuvua. Kumbe tulikuwa wawili pale, kila mmoja anamwogopa mwenzake, na wewe umelala katikati yetu umeivaa.

Sasa naifunga. Kwenye uzi kuna fundo lako na mafundo yangu mawili, moja la makosa. Sitafungua hata moja. Mzee Simoni amekubali kuniachia miwani yake kila Jumatatu, na nakuahidi kidole nitakitoa, na ufunguo nitauzungusha, nikihesabu kwa sauti kama mwendawazimu ikibidi. Na Mama ameniuliza kama yule nyuki wako wa ua la maharage anaweza kujaribiwa tena.

Lala, Baba. Baki na miwani yako. Sitaidai tena.

Binti yako,
Tabita